Wanaoinama Godauni

"Abdinur anafundisha vijana wamsujudie," jirani yangu Raho aliniambia tukianika nguo. "Nimewaona na macho yangu. Wanainama mlangoni, halafu wanamwinamia yeye. Hiyo si rukuu ni nini?"

Abdinur alikuwa dereva wa lori mpaka tajiri wake akauza lori. Karate alijifunza Nairobi. Ili awafundishe vijana, alikodisha godauni la zamani la ngozi nyuma ya nyumba yangu hapa mtaani Wabera, akasugua sakafu mwenyewe mpaka harufu ikapungua. Ofisi ya viwanja ikamwambia jengo hilo ni la kazi ya ngozi, si la kufundishia watu, na kibali kitatoka tu majirani wakikubali. Majirani walikuwa wamesikia ya Raho, wakakataa. Kila akitoka ofisini alipita kwangu polepole, viatu vimejaa vumbi.

Juzi nilichungulia nikimbembeleza mtoto. Vijana hawakuinama. Kila mmoja aliweka mkono kifuani, akasema salaam aleikum, akaingia.

Jioni Abdinur alikuja uani kwangu. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Mama Sirad, kule kuinama, ile salamu ya karate tu, nimeondoa. Lakini nikisema mimi, wanasema najitetea."

"Raho umemwambia?"

"Raho ananipita kama mbuzi wa wenyewe." Akacheka kidogo, amechoka. "Kesho mtu wa ofisi anakuja kuuliza majirani. Tafadhali dada, mwite Raho kwako kwa chai asubuhi, muwatazame pamoja vijana wakiingia, kabla huyo mtu hajafika."