Jina la Mwisho Dirishani

Wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kuingia Mbinga, ushirika ulianza kuyumba na sisi makarani tukapunguzwa. Nilirudi kwetu Litembo kulima. Sikukaa sana, kampuni moja mpya ya kahawa pale Mbinga ikaniita niwe karani wa mishahara, na nikajiona nimeokoka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuwa mtu mkubwa. Nilikaa nyuma ya dirisha dogo la ofisi, bahasha za kaki zimepangwa kwenye sanduku la bati, daftari wazi mbele yangu, nikaita majina. Aliyeitwa alikuja, akahesabu hapo hapo, akasaini au akaweka dole gumba. Wanaume wa umri wa baba yangu waliniita mama siku hiyo. Kesho yake kanisani walinipita kama kawaida.

Kati ya wanawake waliochambua kahawa ghalani alikuwepo binti mmoja kutoka Kihagara, ziwani. Alikuwa na mtoto wa kike aliyemwacha kwa mama yake huko. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mwepesi kuelewa. Mimi ndiye niliyemfundisha kujaza fomu na kusoma mizani, na mimi ndiye niliyemwambia meneja kwamba huyu asiachwe kwenye kuchambua tu. Aliniita dada, na alimaanisha.

Meneja alinisikia kupita nilivyotaka. Alimpeleka Moshi miezi mitatu kujifunza kuonja kahawa. Alirudi amevaa koti jeupe, anavuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele, anatema, anaandika. Wageni wa kampuni walipofika waliulizia mwonjaji. Hakuna aliyewahi kuulizia karani wa mishahara.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mwisho wa mwezi ule niliandaa bahasha kama kawaida, nikafika kwenye jina lake, nikaona mshahara wake umeupita wangu. Haukuwa umeupita kidogo. Nilirudia kusoma karatasi, nikaenda kumuuliza meneja kama kuna makosa.

"Hakuna makosa," alisema bila kuinua kichwa. "Waonjaji ni wachache. Makarani wapo wengi."

Nilirudi mezani nikafunga bahasha ile kwa mate yangu mwenyewe. Huo ndio ubaya wa kazi yangu. Wengine wanahisi tu kwamba wamepitwa. Mimi nililetewa kwa maandishi kila mwezi, na nikatakiwa nimkabidhi mwenyewe kwa mkono wangu.

Siku ya kulipa, nilipofika kwenye jina lake niliruka. Nikaita wachambuaji, wapakiaji, walinzi, mfagiaji. Yeye nilimwita mwisho, saa saba imepita. Alisaini, akaangalia nje, akaniuliza taratibu, "Dada, lori la ziwani litakuwa limeshaondoka?"

"Sijui habari za malori," nilimjibu.

Nilizijua. Lori liliondoka sokoni saa tano na kurudi Jumapili jioni, na hakukuwa na jingine mpaka katikati ya wiki. Ile ndiyo Jumamosi pekee aliyoweza kwenda kwao akiwa na kitu mkononi. Mwezi uliofuata nilimwita mwisho tena. Alipouliza, nilimwambia waonjaji wameandikwa ukurasa wa nyuma. "Sawa, dada," alisema. Mwezi wa tatu hakuuliza. Alikaa kwenye benchi na kifurushi magotini, akanitazama nikiita watu. Ninakiri nilifurahi kumwona anangoja.

Baadaye kampuni ilikodi ghala Mbamba Bay kununulia mpunga, nami nikatumwa na gari kwenda kulipa vibarua wa huko. Dereva alikuwa na safari ya kupita Kihagara. Binti yule aliposikia alikuja mbio na kile kifurushi chake. "Dada, mpe mama. Ni sukari, sabuni na viatu vya mtoto."

Nilikipokea nikiwa nimekasirika. Mshahara anipite, halafu nimbebee na mizigo.

Mama yake tulimkuta anaanika dagaa wa usipa kwenye mkeka. Nilimwamkia, akaitikia, na aliposikia nimetoka kazini kwa binti yake akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye dada aliyemfundisha kazi? Kila barua anakutaja." Alinipikia ugali wa muhogo na samaki, akanikataza kugusa hata sahani.

Mtoto aliitwa ajaribu viatu. Bibi alisukuma, mtoto akakunja vidole, akasukuma tena. Havikuingia.

"Vilinunuliwa lini hivi?" bibi aliuliza, akiwa anacheka. "Amekua. Mama yake amesahau mguu wa mwanawe. Anasema siku hizi huko kwenu mshahara unachelewa kutoka, lori linamwacha. Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema. "Unachelewa."

Mwezi uliofuata nilimwita wa tatu. Alisaini haraka akakimbilia sokoni. Ikawa hivyo kila mwezi, wala sikueleza kitu. Wivu haukuondoka kwa sababu hiyo. Nilipofunga bahasha yake bado niliuma meno, na alipoongezwa tena nilishindwa kula mchana.

Mwaka uliofuata alipata kazi Moshi. Alikuja ofisini kuaga, mtoto aliyemchukua kwa bibi yake amemshika sketi. Nilimtoa nje, tukasimama karibu na mizani ya kahawa, nikamwambia, "Ile miezi mitatu, haikuwa mambo ya ukurasa."

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa naona daftari kila nikisaini. Jina langu lilikuwa ukurasa wa mbele, juu ya la mlinzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, dada? Meneja angekuuliza wewe. Na bahasha ilikuwa mkononi mwako."

Hakusema kwa hasira. Nilimwomba msamaha, akaniambia yamepita, lakini hakunikumbatia kama nilivyotarajia. Alinipa mkono tu, akamwambia mtoto aniamkie. "Shikamoo," mtoto alisema, akiangalia gari lililowangoja.

Aliniandikia barua moja tu, akisema wamefika salama na mtoto ameanza shule ya awali. Ndani yake hakuniita dada, aliandika mama. Labda ilikuwa heshima. Nilimjibu, sikupata jibu. Kazi ya dirishani niliendelea nayo miaka mingine miwili, mpaka bei ya kahawa iliposhuka na kampuni ikafunga ghala, nami nikarudi Litembo kwenye mibuni yangu.