Darubini Juu ya Vigae

Mume wangu aliagiza darubini, akafa kabla haijafika. Mtu wa bodaboda aliyeileta aliniomba niweke sahihi penye jina la marehemu. Niliweka. Sikuhisi kitu.

Watu walikuwa wamesubiri nilie, hasa shangazi zake wa Masinga, waliokuja mazishini wakiwa tayari kunidaka nikianguka. Sikuanguka. Nilishughulika na viti vya kukodi. Aliyelia ni mama yake, ambaye nami humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na alichokililia ni baridi. Tulimzika Julai, na Julai hapa Kola ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Mwanawe tangu utotoni alilala na soksi. Mwaitu alitaka azikwe na koti lake zito. Wazee wakakataa, watu wa kanisa wakamwambia marehemu hasikii baridi, koti likabaki kwenye msumari. Tangu siku hiyo hakusogea kaburini. Akienda zizini alizunguka nyuma ya jikoni, njia ndefu yenye matope, ilimradi asipite pale. Jioni akikoroga githeri alisema, kama anayeongea na sufuria, "Sijui huko chini kukoje." Mimi niliendelea kuosha sahani.

Januari anga ilipokuwa safi, nilifungua boksi. Mimi si mpenzi wa nyota. Yeye ndiye aliyetaka kupiga picha ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, na mistari yake, aitundike sebuleni badala ya kalenda ya duka la mbolea. Nilifungua kwa sababu ndani kulikuwa na maelekezo, na miezi ile nilifanya chochote chenye maelekezo.

Ilikuwa darubini fupi, nene, isiyo na miguu. Ya kuwekwa mezani. Meza yetu ya plastiki huyumba hata kwa kikombe cha chai, na shamba lote ni mteremko na matuta. Bomani palikuwa na mahali pamoja tu pasipoyumba, palipolazwa sawasawa na fundi mwenye pima maji: kaburi, na vigae vya kijivu ambavyo nilivichagua bila kuviangalia. Nikaiweka hapo.

"Umeweka hiyo mtungi juu ya mtoto wangu?" Mwaitu aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Ni hapa tu ndio pako sawa, Mwaitu."

Hakuniongelesha hadi Jumapili.

Picha ya sayari haipigwi kwa kubofya mara moja. Unafunga simu kwenye kioo cha kuchungulia, unarekodi video, kisha programu ya kompyuta inachagua zile picha chache zilizotulia na kuzilundika ziwe moja. Zangu hazikutulia hata kidogo. Mshtarii ilichemka kama uji. Kila jioni ni kile kiduara cheupe kinachotokota, bila mstari wowote. Nilikasirika, nikashangaa kwamba bado naweza kukasirika. Nikauliza mtandaoni, na mtu nisiyemjua akanijibu: usiiweke juu ya kitu kilichoshinda juani, saruji au bati, jua likizama kinatoa joto lake, na hewa iliyo juu yake inatetemeka.

Nilitoka nikarekodi tena, kisha nikaweka kiganja kwenye vigae. Nyasi zilikuwa zimeshapoa. Vigae havikuwa vimepoa.

"Imeharibika?" Mwaitu aliuliza. Alikuwa palepale mlangoni.

"Haijaharibika. Ni hapa kuko na joto, ndio maana picha inatetemeka."

"Joto wapi?"

"Hapa kwa kaburi."

Alikuja. Hakuzunguka nyuma ya jikoni. Aliinama akagusa kigae, akaondoa mkono, akaurudisha. Kisha akapapasa kwa mikono yote miwili, kuanzia upande wa kichwa hadi wa miguu, jinsi unavyopapasa blanketi la mtoto kujua kama limemfika.

"Ni hivi kila siku?"

"Kila siku jua ikiwaka."

"Na mimi nimekuwa nikizunguka," alisema.

Akaketi juu ya vigae, na kiwiko chake kikaigonga darubini. Nami nikaketi upande wa pili. Joto lilipenya kwenye sketi, na nikalihisi. Simu ilikuwa bado inarekodi. Kwenye video hiyo Mshtarii inatokota, inaruka, halafu ni giza tupu. Sijaifuta.

Githeri ilianza kutoa harufu ya kuungua. Hakuna aliyeinuka.

"Mwezi wa saba jua haitakuwa," Mwaitu alisema.

"Haitakuwa."

"Basi mwezi wa saba tutaleta ile koti."