Mikono ya Zimwi

Watu wa filamu walimwita Paka, kwa kuwa hata akianguka kutoka juu ya paa alijua namna ya kutua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwigizaji mkuu alisema maneno mazuri na kupakwa poda. Paka alivaa nguo kama zake, akaificha sura yake kamera isiione, akarushwa dirishani. Mumewe, Mlingoti, alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni, na urefu huo ndio uliomlisha: popote palipotakiwa zimwi, aliitwa yeye.

Safari hiyo waliajiriwa pamoja. Filamu ilitokana na mchezo wa video uliokuwa umewakosesha usingizi vijana wengi. Ndani yake muuguzi amefungiwa katika hospitali iliyohamwa, na zimwi lisilo na macho linamwinda kwa kusikiliza. Hana bunduki wala panga. Ana tochi, makabati ya kujifichia, na pumzi zake za kubana. Paka aliucheza pale sebuleni ili aielewe kazi, akashindwa kuumaliza. Kila mlango ulipolia kwenye skrini aliuzima mchezo, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Mwongozaji alikuwa na mawazo mengine.

"Dada, hakuna anayekata tiketi ili amtazame mtu kajificha kabatini," alimwambia mtunzi wa mchezo, mwanamke mpole aliyekuwa amealikwa kutoa ushauri. "Kwangu mimi, zimwi litachapwa."

"Ukilichapa, nani ataliogopa?"

"Si lazima waogope. Watapiga makofi."

Yule mtunzi aliuchukua mkoba wake akaondoka, na muuguzi akapewa shoka.

Pambano kubwa lilipangwa kupigwa ndani ya ghala. Mafundi walikuwa wamejenga ukumbi mrefu wa mbao, vitanda vya chuma vimepinduliwa huku na huku, na mabomba ya gesi yakitoa ndimi za moto ukutani. Mlingoti alivalishwa vazi la sponji na plastiki nzito, kichwa cha zimwi kikagandishwa shingoni kwa gundi. Hewa aliipata kwa feni ndogo iliyofichwa mgongoni. Akiwa humo, maneno yake hayakueleweka nje, kwa hiyo walikuwa wamekubaliana ishara: akiinua mikono yote miwili, kila kitu kisimame.

Asubuhi ya pambano mwongozaji akabadili mambo. Alitaka zimwi likimbize likiwa limeinua mikono, lionekane kubwa zaidi.

"Na ishara yetu je?" Paka aliuliza.

"Tutaelewana tu. Twendeni, muda unatupotea."

Paka alimtazama mumewe, ambaye alikuwa bado hajavalishwa kichwa. Mlingoti akabetua mabega. Walikuwa na kodi ya kulipa kama watu wote, na ubishi asubuhi huharibu siku nzima. Paka akaliokota shoka lake, ingawa roho haikutulia.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, ila moshi uliziba kamera. Wakarudia. Paka alikuwa akikimbia mbele, shoka la plastiki mkononi, akitakiwa kugeuka kwenye kitanda cha mwisho na kupiga. Nyuma yake vishindo vilikuja kama kawaida, kisha vikapoteza mpangilio. Akasikia pumzi. Alikuwa amelala kando ya mtu huyu miaka yote ya ndoa yao, akimpiga kiwiko akikoroma, na pumzi zile hazikuwa za mtu anayeigiza. Zilikuwa nyembamba, zenye mluzi, kama mtu anayevuta hewa kwenye mrija uliopasuka.

Akageuka kabla ya wakati. Zimwi lilikuwa limeinua mikono juu kabisa, na watu nyuma ya kamera walikuwa wakitabasamu.

"Bado, Paka, bado. Kimbia," mwongozaji alisema kwenye kipaza sauti.

Paka alilitupa shoka, akamrukia mumewe, wakaenda chini pamoja. Alivuta kile kichwa kwa nguvu zote, kikagoma. Akaingiza vidole kwenye matundu ya pua ya zimwi, akapasua, kucha zikamkatika.

"Zimeni moto. Hapumui."

Watu wakatazamana kujua kama hayo nayo yamo kwenye filamu. Kisha fundi wa mavazi akaja mbio na mkasi, akachana shingo. Uso uliotokea ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka. Paka alimwita kwa jina lake la nyumbani, akamfungua kinywa, akampulizia hewa, akampulizia tena. Feni ilikuwa imekufa. Hakuna aliyejua tangu lini.

Hatimaye Mlingoti akakohoa. Alimtazama mkewe kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka alipowahi kumwona.

"Mbona umenirukia mapema?" akasema. "Hatujafika kitandani."

Paka alicheka, kisha akalia hadi akashikwa na kwikwi.

Mwongozaji alikuja hospitalini kuomba radhi, na aliiomba kweli, macho yake chini. Lakini kabla ya kuondoka akatoa simu na kuwaonyesha tukio lile lilivyorekodiwa. Kwa pembe ya kamera, ilionekana muuguzi ametupa silaha na kulimaliza zimwi kwa mikono mitupu.

"Hatuna pambano bora kuliko hili," akasema. "Mkikataa, nalifuta."

Paka alikuwa amefungua kinywa kukataa, mumewe akamshika mkono.

"Usilifute," Mlingoti akasema. "Ila kuanzia leo, ishara ya mtu aliyemo ndani ya vazi haiguswi na yeyote. Hilo uliandike kwenye mikataba yako."

Likaandikwa.

Filamu ilipotoka walikwenda kuitazama. Ilipofika sehemu ile, zimwi likainua mikono na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mlingoti naye alipiga makofi, akacheka na jirani yake wa kiti cha pili. Paka alinyanyuka akatoka, akasimama kwenye korido karibu na mabango, mgongo ukutani, hadi makelele yalipoisha. Aliporudi, mumewe alisogeza miguu yake mirefu ampishe.

Paka bado anaanguka kutoka kwenye mapaa. Sehemu ile hajaitazama tena.