Mpangaji Wangu na Video za Ng'ombe

Mama yangu alikuwa fundi wa michembe. Viazi vitamu vikivunwa anamenya, anakata vipande vyembamba, anaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikauke kama magome. Rundo zima linaishia kwenye gunia. Siku za njaa anavichemsha, vinavimba, tunakula na karanga. Mwaka mmoja mvua ikavilowesha, akavianika upya. Tulikula, lakini ilikuwa kama kutafuna kamba. Wakati huo meno nilikuwa nayo.

Juzijuzi nilivikumbuka hapa Somanda, mjini Bariadi, kwenye chumba cha mbele nilichompangisha jamaa mmoja wa kupiga video za harusi. Bodaboda zinapiga honi mlangoni, yeye macho kwenye kompyuta. Sijaona mtu mvumilivu vile. Harusi alikuwa amezichoka. Alianza kupiga video fupi za ng'ombe wa kule Sapiwi wakinywa maji na watu wakichuma pamba, anazipeleka kwenye mtandao mmoja wa ng'ambo unaowauzia watengeneza filamu na matangazo. Wakamkatalia, mara kwa mara, kwamba picha zina chengachenga.

"Guku, najaribu mara ya mwisho," aliniambia, akiniita babu kwa Kisukuma. "Wakikataa, narudi kwa maharusi mpaka nizeeke kama wewe."

"Mimi sikuzeeka kwa harusi. Kwani unakosea wapi?"

Alikuwa ameshagundua mwenyewe. Video inatoka kwenye kamera tayari imebanwa. Namna ya kubana ndiyo inaitwa kodeki, na ya kamera yake ni H.264. Sasa watu wa harusi hapa Bariadi wanataka video ndogo, iingie kwenye simu, itumwe kwa mashangazi. Mkono wake ukazoea: akifika tu anaibana, ndipo anakata na kurekebisha rangi, kisha anaibana tena akiitoa, na kila kubana kunakula sehemu ya picha. Hata ng'ombe alikuwa anawafanya maharusi. Hapo ndipo nilipokumbuka mwamba wa mama na michembe iliyoanikwa mara mbili.

Safari hii ile video ya kamera hakuigusa. Alitoa nakala kwa kodeki nyingine isiyobana sana, ProRes, mafaili mazito yakajaza diski mpaka akafuta mechi zake zote za mpira.

"Mazito hivyo, kompyuta itaweza?"

"Inapumua, guku. Ile iliyobanwa inabidi iifungue kila nikikata. Hii iko wazi."

Akamaliza, akaitoa kwa ProRes hiyohiyo, akaanza kuipandisha kwa mtandao wetu huu wa kusuasua. Alikaa pale kama anayelinda mtamba anayezaa.

Asubuhi moja jibu likaja: wamepokea. Aliwakabidhi wenye harusi ya mwisho video yao, ndogo kama walivyotaka, akatundika kamera begani.

"Guku, nakwenda Mwamanyili. Mpunga umeiva, nikaupige video."

"Kula kwanza."

"Nitakula huko."

Akavuka barabara kwa miguu, hakugeuka. Hajarudi mpaka leo.