Kabali Juu ya Maganda ya Maharagwe

Asubuhi nilitoka Manyatta bila kujua ninaelekea wapi. Jioni nimefika Kianjai, kwenye nyumba ya wageni ambapo mama mwenye nyumba anapura maharagwe uani. Harufu ya maganda makavu ni ileile ya rundo ambalo juu yake mimi na dada yangu tulipigana mieleka utotoni.

Siku moja alinipiga kabali kwa nyuma, mkono wake ukinikaba shingo. Nikavuta kichwa kwa nguvu, pumzi ikakatika.

"Utalilia mama?" alicheka. "Usinikimbie, mjinga, unajinyonga mwenyewe! Ficha kidevu, vuta mkono wangu chini, halafu nigeukie."

Nikamgeukia. Uso wangu ukatua kifuani mwake, na hewa ikarudi.

"Chumba kipo," mama mwenye nyumba ananiambia, akifuta vumbi usoni. "Uko na mtu?"

"Hapana, mama. Niko peke yangu," nasema, na leo hakuna wa kuniambia nigeuke.