Mvinyo Nyuma ya Masikio

Jamani chekeni tu, maana hata nikiwakataza mtacheka, na aibu yenyewe nimeshaizoea kama kiatu kinachobana.

Mimi nauza udi hapa Kilwa Masoko, na pua yangu (sijisifu, ulizeni) inajulikana mpaka Lindi mjini. Siku hiyo alasiri tulikuwa twende Nangurukuru, kina mama wa upande wetu, kuonana mara ya kwanza na watu wa binti ambaye mwanangu Rajabu anataka kumwoa, na tulishaambiwa bibi yake binti ni mcha Mungu, mkali, akisema hapana ndiyo imetoka. Rajabu wangu usingizi haumpati kwa ajili ya huyo binti. Nimeshavaa baibui langu jipya, nikasema ngoja nipeleke udi wa watu mara moja kule hoteli ya wageni anakofanya kazi mpwa wangu Zuhura.

Nikakuta Wazungu watatu wamezunguka chupa ya vumbi, bilauri zao zina kitu cha rangi ya dhahabu, kidogo mno, na wote wamezamisha pua, macho wamefumba. Hakuna anayekunywa! Zuhura akawaambia huyu ndiye shangazi mwenye pua, basi mzee mmoja akanipa bilauri yake, akagusa pua, yaani ninuse. Nikanusa. Wallahi nilisikia asali, ganda la chungwa lililokauka, asumini ya jana, na kwa mbali mbao ya sanduku la bibi harusi. Sasa kwetu mtu akikupa kinukacho vizuri, ukanusa tu ukamrudishia, umemdharau, sharti ujipake. Nikamimina kiganjani, nikapaka shingo, nikapaka nyuma ya masikio, kilichobaki nikafutia kifuani mwa baibui, nikasema ahsante.

Yule mzee akabaki kinywa wazi. Mwenzake akainua bilauri yake, akanywa.

"Shangazi," Zuhura akaninong'oneza, "huo ni mvinyo. Wa zamani, tena hauna hata chembe ya sukari, wameutunza miaka."

Nikakimbilia bombani, nikasugua shingo mpaka ikawasha, lakini baibui lilishakunywa, na nje wifi zangu wanapiga honi. Garini wakauliza mbona panukia hivi, nikasema nimepasukiwa na embe. Tulipofika nikaomba chetezo nijifukize (akili gani ile, sijui), kumbe moshi wa udi ukikutana na mvinyo hauufichi, unaupandisha! Nikamwamkia bibi wa binti, naye akanishika mkono, akanivuta, akanusa.

"Marahaba, mwanangu. Udi gani huu?"

"Ni... mchanganyiko wangu mpya, bibi."

"Basi huu huu ndio atakaofukizwa mjukuu wangu siku yake."

Nikajua nimepona, hadi mjomba wa binti, aliyewahi kufanya kazi mahotelini Dar, alipokuja kutusalimia. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Hee! Nani kanywa mvinyo humu?"

Wifi zangu wote wakanigeukia, na mimi nikaiona ndoa ya mwanangu inatoka kwa mlango uleule, nikapayuka, "Sijanywa! Nimejipaka!"

"Umejipaka?" bibi akauliza.

"Nyuma ya masikio, bibi. Nilidhani marashi."

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Mlevi gani wa kumwaga pombe shingoni? Huyu hata kuiona hajapata kuiona. Mpeni mke mtoto wake!"

Tangu siku hiyo nimeapa, kilicho ndani ya bilauri sikigusi mpaka niulize, hata yakiwa maji. Harusi ilikuwa nzuri, mashaallah, na wageni niliwafukiza mwenyewe. Ila kila niliyemfikia na chetezo, kwanza alininusa mimi.