Mkono Uliowahishwa Jandoni

Miaka ile, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mjomba wetu alilima mpunga bondeni, upande wa mtoni. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka makundi kwa makundi, na mwenye shamba asiye na mrushaji hodari huvuna makapi. Mrushaji alisimama juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akawatupia ndege mabonge ya udongo uliokaushwa juani. Bonge la mtoto lilipanda juu likaanguka karibu. La kijana lilikwenda limenyooka, likivuma, na ndege wa kingo za mbali waliruka kabla halijatua.

Watu wa kwetu waliamini kwamba kasi hiyo hutolewa jandoni. Na kweli, wavulana waliorudi kutoka kumbini hawakukawia kurusha kama watu wazima. Hakuna aliyejiuliza kama wazee waliwachagua wale tu ambao mabega yao yalikwisha kutanuka na sauti kuwa nzito. Binadamu huipenda sababu yenye ngoma kuliko ile inayokua kimya kimya.

Mwaka mmoja mrushaji wa mjomba alifuatana na wapagazi, akaenda bara. Mpunga ulikuwa shambani. Mjomba akamtazama mdogo wangu, mtoto mwembamba ambaye meno yake yalikuwa bado makubwa kuliko uso wake.

"Dada," akamwambia mama, "huyu nampeleka jandoni mwaka huu."

"Kaka, huyu bado analala na paka."

"Akirudi atalala na mkuki."

Baba alikwisha kufariki. Neno la mjomba ndilo lililokuwa neno.

Mdogo wangu akarudi amenyolewa, amevaa shuka mpya, na jeraha lilipopona akapandishwa dunguni. "Tupa kiume sasa!" mjomba akamwamuru. Bonge likaanguka palepale lilipozoea kuanguka. Kutoka dungu la jirani vijana wakapiga kelele:

"Ee bwana mwanamume! Bonge lako linabisha hodi kwanza?"

"Mwacheni, ndege wamekuja kumpa pole!"

Akatupa tena, na tena, asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku. Kwa kuwa miguu na mgongo havikuwa na nguvu ya kumsaidia, kazi yote aliitwisha kiwiko. Kumbini alifundishwa kwamba mwanamume halalamikii maumivu, na somo hilo alilishika kuliko wote. Mama aligundua siku alipomwona akishindwa kuinua kata ya maji hadi kinywani. Kiwiko kilikuwa kimevimba. Mganga alikikanda na kukifunga kwa majani. Uvimbe ukatulia, lakini mkono ule wa kulia ukabaki umepinda, haukunyooka tena. Mpunga nao waliula ndege.

Kisha akakua. Hapo ndipo ninapoona uzito kuendelea. Kifua kilipanuka, miguu ikarefuka, akawapita wenzake kimo. Wale wenzake, ambao hawakuhimizwa na mtu, walipata kasi kama walivyopata ndevu, bila kujua ilifika siku gani. Yeye alikuwa na mwili wote wa mrushaji, isipokuwa kiungo kimoja. Msimu wa ndege alikaa chini ya dungu, akiwafinyangia wengine mabonge. Mjomba alipopita hapo alitazama upande wa mto.

Nimesoma vitabu vingi vya adabu tangu hapo. Vyote huwaonya watoto wawatii wakubwa. Sijakuta kinachowaonya wakubwa waisubiri mifupa.

Mjomba alipofariki tulisimama kaburini, kila mmoja akitupia udongo wake. Mdogo wangu alipiga goti, akachota kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja, mgeni wa Miono, akamkemea kwa sauti ya chini:

"Wa kulia, mwanangu. Huyu ni mjomba wako."

Mdogo wangu hakuinua uso.

"Wa kulia haufiki, mzee."